Safari ya matibabu Burundi: maswali yenye mnatuulizanga kila mwaka

Kila mwaka tukitangaza kanisani hii safari ya kujitolea kwenda kutibu watu Burundi, simu yangu inajaa, na maswali ni yale yale, mengine yananipata nikiwa kwa matatu nimeshikilia chuma na mkono mmoja, so nimekaa chini nikayaandika yote hapa mara moja. Mimi ni nesi. Nimeenda mara nne, na ile ya kwanza nilifanya makosa yenye bado yananisumbua, mtayasoma huko mbele. Tafadhali soma yote kabla hujaniandikia, hata ile ya choo.

Kwani ni lazima niwe daktari ama nesi?

Hapana. Kwa timu ya watu 22 wenye wanagusa mgonjwa ni kama 10 hivi: madaktari wawili, maafisa wa kliniki, manesi, mtu wa meno, mfamasia na mtu wa maabara. Hao wengine wanaandikisha watu, wanapanga laini, wanapima uzito wa watoto, wanachemsha maji, wanakaa kwa meza ya miwani, wanacheza na watoto ndio mama aongee na daktari bila mtu kumvuta leso.

Mtu mwenye alitusaidia sana safari ya mwaka juzi alikuwa konda wa matatu, ruti ya Rongai. Watu karibu 300 wamefika kutoka saa kumi alfajiri, wengine wametembea kutoka milima ya mbali, na ikifika saa mbili kila mtu anasema yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Huyu ndugu alizunguka mara moja tu akiangalia sura, hakuandika kitu, halafu akajua nani ametangulia nani, nani ameruka laini, na yule mama mjamzito amesimama huko nyuma anaona haya kusema. Hajui Kirundi hata neno moja! Ikifika saa sita hakuna mtu amegombana, na sisi wenye vyeti tulikuwa tumeshindwa na hiyo laini miaka miwili mfululizo.

Fundi wa umeme pia tunakutafuta. Sana.

Mbona Burundi? Si hata hapa Kenya watu ni wagonjwa?

Swali zuri na jibu lake ni ndio, ni wagonjwa. Kliniki ya bure tunafanya Mukuru, hapa Nairobi, kila baada ya miezi mitatu na kama hujawahi kuja hiyo, anza na hiyo, nauli ni mia moja na jioni unalala kwako. Kusema kweli mtu mwenye hajawahi kujitolea Mukuru lakini anataka sana kupanda ndege akajitolee, huyo huwa namuuliza maswali mawili matatu zaidi.

Burundi tunaenda juu tuliitwa. Kuna kanisa kule upande wa milima ya Gitega lina kituo kidogo cha afya, na wao ndio walituandikia barua wakasema wanataka msaada wa nini na wa nini. Kituo kina manesi wawili, maabara ya darubini moja, na stoo ya dawa yenye unaweza kuimaliza kuhesabu ukiwa umesimama mlangoni. Serikali ya huko ilitangaza 2006 kwamba watoto wa chini ya miaka mitano na kina mama wanaojifungua watibiwe bure, kwa hivyo hao wanapata pa kuanzia. Wenye wanabaki nje ni yule baba wa miaka 45 na shosho wa miaka 70, na hao ndio wengi kwa laini yetu.

Halafu pia kuna vile sisi wenyewe tulifika hapa. Kuna watu kwa hii timu wamezaliwa Kijabe, hospitali yenye ilianza 1915 na watu waliokuja kutoka mbali, na leo wenye wanaiendesha na kufundisha pale ni Wakenya. Hiyo inatukumbusha kwamba mgeni anaweza kuja vizuri.

Ni pesa ngapi na inaenda wapi?

Mwaka huu ni shilingi 95,000 kwa kila mtu. Karibu nusu inakulwa na tiketi ya ndege, na hiyo inapanda na kushuka ndio maana tunakuomba ulipe mapema. Iliyobaki ni gari la kule na mafuta yake (mafuta Burundi yamekuwa adimu sana miaka ya karibuni, wenyeji wetu wanaanza kuyatafuta wiki kadhaa kabla tufike), chakula, pa kulala, bima ya safari, watafsiri, na kiasi fulani ni dawa.

Unaweza kulipa polepole. Unaweza kufanya harambee, unaweza kuuza mandazi baada ya ibada kama vile dada mmoja wetu alifanya miezi mitano akamaliza yote. Chenye hatukubali ni upost picha ya mtoto mgonjwa wa Kiafrika kutoka mahali usipojua ndio watu wakuchangie. Tumeona ikifanyika na tukamwomba mtu aitoe.

Hesabu zote zinabandikwa kwa ubao wa kanisa tukirudi, na risiti ziko kwa faili. Uliza uzione, hakuna mtu atakununia.

Sina pasipoti. Nimechelewa?

Inategemea unasoma hii lini. Unaomba kupitia eCitizen, unaenda kupigwa picha na alama za vidole, Nyayo House ama ofisi zingine, na usingojee wiki ya mwisho juu kuna miezi foleni inatoka nje mpaka barabarani. Kama unayo tayari, angalia imebakisha zaidi ya miezi sita. Kitambulisho pekee hakitakufikisha. Viza Mkenya halipii, Burundi ni mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, lakini pasipoti lazima.

Kwa nini tusiende na basi, si ni bei rahisi?

Tulijaribu mara moja, kupitia Namanga, tukakata Tanzania yote. Tulifika tukiwa wagonjwa kuliko wagonjwa. Na ile njia ya kupitia Kigali, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Ndege ni chini ya saa mbili, unashuka Bujumbura, unarudisha saa nyuma saa moja, unapanda gari lenye linaendeshwa upande wa kulia wa barabara (kaa mbele ukitaka kuomba sana) na mnaanza kupanda milima. Hapo kwa kupanda utaona vijana wa baiskeli wameshika lori kwa nyuma na mkono mmoja wanavutwa mpaka juu, halafu wanashuka na mikungu ya ndizi kwa kasi yenye hata boda ya Nairobi haiwezi. Kila timu mpya inapiga kelele hapo.

Chanjo gani zinatakikana?

Homa ya manjano ni lazima, na kadi yake ile ya njano unatembea nayo pamoja na pasipoti. Chanjwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, kwa sababu kadi haihesabiki kabla ya hizo siku kuisha. Kama ulichanjwa kitambo na kadi inasema miaka 10, usijali, tangu Julai 2016 ni ya maisha yote. Na usiiache Burundi kwa bahati mbaya juu ukirudi JKIA wanaweza kuiitisha pia.

Pepopunda iwe sawa. Homa ya ini aina ya B ni lazima kwa yeyote atashika sindano ama atang'oa meno, na hiyo ni sindano tatu za miezi kadhaa kwa hivyo anza sasa.

Mimi ni wa kijijini, malaria nimezoea. Lazima nimeze dawa?

Lazima. Umekaa Nairobi miaka 12, ule mwili wako wa kuzoea malaria uliuacha ushago. Burundi malaria ni nyingi, 2017 serikali ilitangaza ni mlipuko wa taifa zima. Wengi wetu tunameza doksisaiklini, moja kila siku, unaanza siku moja ama mbili kabla ya safari na unaendelea wiki nne baada ya kurudi. Wiki nne! Watu wanamaliza safari wanasahau hapo, wanafikiri wamefika. Meza na chakula na maji mengi usilale saa hiyo hiyo, na ujue jua litakuchoma zaidi ya kawaida. Kuna zingine, daktari wa timu atakupangia yako.

Kama una mimba, ama unafikiri unaweza kuwa nayo, ongea na mimi pembeni mapema. Kuna uwezekano nitakwambia ungoje mwaka ujao na tafadhali usikasirike.

Nina leseni ya Kenya, inatosha?

Inatosha kwa kuanza. Tunataka nakala ya cheti na leseni ya mwaka huu kutoka kwa baraza lako, madaktari na maafisa wa kliniki na manesi wote, na tunazituma kwa wenyeji miezi mitatu kabla wapeleke kwa wakubwa wa afya wa kule ndio tupewe ruhusa. Karatasi zao ni za Kifaransa. Mwenye hana barua hafanyi kazi ya hospitali, hata kama ni profesa.

Na wanafunzi wa udaktari, nawapenda sana, lakini kitu chenye hukubaliwi kufanya peke yako Nairobi hutafanya Burundi. Kila mwaka kuna mtu ananiuliza kama atapata nafasi ya "kujaribu" kushona. Mgonjwa wa kule si wa kujaribiwa.

Naweza kuleta dawa zenye zimebaki nyumbani?

Hapana, na hili nitaliongelea kidogo juu kila mwaka mtu ananiletea karatasi ya nailoni imejaa nusu chupa ya dawa ya kikohozi na antibiotiki za mwaka juzi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kutoa dawa unasema dawa ikifika kule iwe imebakisha angalau mwaka mmoja kabla iharibike, iwe kwa pakiti yake, na iwe ni dawa yenye ile nchi inatumia. Zikipita bila hiyo tunawaachia wenyeji wetu kazi ya kuchoma takataka zetu. So sisi mfamasia wetu anapata orodha kutoka kwa nesi wa kule, ananunua zile zile, nyingi tunanunua huko huko Bujumbura ndio maandishi yawe ya Kifaransa yenye nesi amezoea, na chache tunabeba na vibali kutoka Nairobi.

Ukitaka kusaidia na vitu nunua glovu, betri za taa za kichwani, miwani ya kusomea kuanzia +1.50 mpaka +3.00, na yale maboksi ya njano ya kutupa sindano.

Begi: kila mtu ana kilo 46 kwa begi mbili. Begi moja ni lako. Hiyo ingine ni ya kliniki, usiiguse.

Siku yenyewe inakaaje?

Saa kumi na moja na nusu kuamka, maombi mafupi, chai, saa moja na nusu tumefika kituoni. Mgonjwa anaandikishwa, na hapo ukimuuliza anatoka wapi atakutajia mlima, kila mtu anaishi kwenye mlima wake na hata serikali inahesabu watu hivyo hivyo. Halafu presha, joto, uzito, anaonana na daktari, anaenda maabara kama anatumwa, anachukua dawa. Saa kumi tunafunga laini.

Magonjwa ni yenye unayajua: malaria, minyoo, ngozi, vidonda vya tumbo, mgongo wa kubeba na kulima, meno, macho. Dawa ya minyoo tunapeana tembe moja ya albendazole ya miligramu 400, mtoto anaitafuna hapo hapo anakunja uso, mama wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza hatuwapi. Meno ndiyo yanamaliza mtu. Fikiria jino lenye limeuma miaka mitatu, mtu amekaa kwa kiti cha plastiki, mwenzako anamshikilia kichwa, wewe una taa kwa paji la uso, jasho linakuingia machoni, na watoto 15 wamejaa dirishani wanasimuliana kila kitu unafanya.

Meza ya miwani ndiyo mimi napenda. Mzee mmoja wa kanisa tulimpatia +2.50 tukamshikisha Bibilia tukingoja asome. Hakusoma. Aliangalia chini kwa shati lake, akashika kifungo cha pili, akaita mke wake kutoka kwa laini akamwonyesha kwamba kifungo kimeshonwa na uzi mwekundu na vingine vyote ni uzi mweupe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe amekuwa akikivaa hivyo miaka.

Jumamosi asubuhi huko watu wanaenda kufanya kazi za jamii, kwa hivyo siku hiyo tunaanza mchana.

Na nikipata mgonjwa mwenye siwezi kumsaidia?

Utampata. Siku ya kwanza.

Sasa hapa ndio ile stori niliwaahidi. Safari yangu ya kwanza, na ile ilikuwa ya timu nyingine, tulipima presha ya kila mtu mwenye alifika. Tulipata wengi iko juu, na tukafurahi, si unajua, tumegundua kitu. Kila mmoja tukampa tembe za presha, amlodipine, za siku 30, tukamwambia ameze kila siku, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Baada ya miaka miwili nikarudi na hii timu ya sasa. Shosho mmoja akafika kwa meza yangu, akafungua fundo la kitambaa chake, ndani kuna pesa kidogo na kile kikaratasi cha fedha cha tembe, tupu, kila shimo limetobolewa. Alikuwa amekihifadhi miaka miwili. Mtafsiri akaniambia anasema zile zilikuwa nzuri, anaomba zingine, alienda kuuliza pale kituoni wakamwambia hawajawahi kuwa nazo. Nikampima presha. 210 kwa 115, juu sana.

Mtu wa presha anameza dawa maisha yake yote. Sisi tulimpa mwezi.

Tangu hiyo siku tulibadilisha vile tunafanya. Hatuanzishi dawa ya presha, sukari wala kifafa kwa mtu mwenye kituo cha kwao hakitaweza kuendelea naye. Kwanza tunauliza nesi wa pale: hii dawa mko nayo? mnaipata wapi? bei gani? mwenye atashindwa kulipa, tutamlipia vipi? Sehemu ya zile pesa zenu 95,000 inaenda kwa akaunti ya kituo kununua dawa hizo mwaka mzima, na kila mgonjwa wa hivyo anaandikwa kwa daftari la nesi, la kwetu ni la ziada tu. Idadi ya wenye tunatibu imepungua na kuna wafadhili hawajafurahia hiyo.

Mchungaji wetu huwa anarudia ile hadithi ya Msamaria kwa Luka 10, watu wanakumbuka mafuta na divai na punda, wanasahau kwamba kesho yake alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na akasema akirudi atalipa kilichozidi. Ndio mpango wetu huo, kituo ndio mwenye nyumba.

Na wale wa upasuaji, saratani, mtoto mwenye ugonjwa wa moyo? Tunaandika barua ya rufaa na tunapanga nauli, na kuna mmoja ama wawili wenye hata hiyo haitawasaidia. Usiku tunakaa tunaongea, mwenye anataka kulia analia. Usijifanye jiwe.

Nikijidunga na sindano ya mgonjwa?

Osha na maji na sabuni, usifinye, niite saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI tunabeba, zinaanzwa haraka iwezekanavyo na isipite saa 72, unameza siku 28. Hakuna kuficha eti unaona aibu.

Kirundi sijui, Kifaransa sijui.

Tuko na watafsiri, wengi ni vijana wa Bujumbura wenye wanaongea Kiswahili, kuna mitaa kama Buyenzi watu wamekulia kwa Kiswahili. Chao ni sanifu kidogo kuliko chako, so weka Sheng kwa begi. Shida utaiona haraka: mgonjwa anaongea dakika tatu, anaonyesha mguu, tumbo, anga, halafu mtafsiri anakugeukia anasema "anaumwa tumbo." Mwambie kwa upole akuambie yote, vile imesemwa.

Jifunze haya kwa ndege: amahoro ni salamu, ni amani, murakoze ni asante, ego ni ndio, oya ni hapana. Wakikuyu na Wakamba mtafurahi kusikia kichwa ni umutwe. Na msishtuke watoto wakiwafuata wakiita "muganga! muganga!", kule muganga ni daktari. Daktari wetu mmoja alikasirika siku nzima akifikiri anaitwa mchawi.

Tunahubiri kabla ya kutibu?

Asubuhi kuna wimbo na maombi mafupi yakiongozwa na wenyeji, mwenye anataka anakuja, mwenye hataki anakaa kwa laini yake na namba yake haipotei. Ndani, ukimaliza na mgonjwa unaweza kumuuliza kama angependa muombe pamoja. Akisema hapana, murakoze, mwingine. Waislamu wanakuja, Wakatoliki ndio wengi, wenye hawana dini wanakuja, dawa ni ile ile. Mtu mgonjwa amekaa mbele yako ukiwa umeshika dawa yake si wakati wa kumuuliza kama ameokoka, atakujibu chenye unataka kusikia tu.

Jumapili tunaenda ibada. Inachukua masaa manne na kwaya ni sita, beba maji.

Picha?

Mpiga picha ni mmoja, ana fomu ya ruhusa iliyoandikwa kwa Kirundi. Simu yako inabaki kwa begi ukiwa kwa kliniki. Usipige picha ya askari, daraja wala uwanja wa ndege. Mtoto uchi, mtu analia, mtu amefungua kidonda, hapana. Jiulize kama mamako akiwa Kenyatta kwa kitanda ungetaka mgeni amweke kwa steti yake.

Naweza kubebea watoto peremende na nguo?

Peremende kwa watu wenye tunawang'oa meno? Hapana.

Nguo pia hapana, soko la mitumba liko kule pia na kuna mama analipa ada na hiyo kazi. Kama una moyo wa kutoa, mpatie mweka hazina.

Chakula, kulala, choo, mavazi

Maharagwe, wali, ugali wa muhogo, ndizi za kupika, lengalenga, na zile samaki ndogo za ziwani zinaitwa ndagala. Utashiba. Siku ya mwisho Bujumbura tunakula mukeke, samaki wa Tanganyika, kwa pesa yako.

Tunalala kwa nyumba ya wageni ya kanisa, wanne kwa chumba, neti ziko. Maji ya kuoga ni ya ndoo na asubuhi ni baridi, milimani Agosti ni kama Limuru, beba sweta nzito. Choo ni cha shimo, kiko nje, kisafi, beba tochi na tishu yako. Nimesema.

Kina dada sketi ama leso juu ya suruali, ndefu. Wanaume kaptula ni za kulalia. Raba zilizofungwa mbele kwa kliniki kila siku, sandozi acheni.

Ni salama?

Timu yetu haijawahi kupata shida kule, na bado tuna sheria. Hatutembei barabarani usiku. Hatuongei siasa, hata kwa utani, hata na mwenye anaonekana rafiki, ile nchi imepitia vita na watu wamefiwa. Tunajiandikisha kwa ubalozi wa Kenya Bujumbura tukifika. Hali ikibadilika kabla ya safari tunaahirisha, na bima inarudisha kiasi, si yote.

M-Pesa inashika? Na simu?

Haishiki. Beba dola safi zisizochanika, utabadilisha upate faranga, na laini ya simu tutanunua pale. Intaneti huko milimani ni ya kubahatisha. Mwambie bosi wako hivyo kabla uende, usimwambie ukirudi.

Nimerudi na naskia joto. Ni uchovu?

Pengine. Lakini nenda upimwe malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa Burundi, hata kama ni miezi miwili imepita, hata kama ulimeza dawa zote. Daktari wa Nairobi akiona homa anafikiria vitu vya Nairobi. Mwaka jana ndugu mmoja alikunywa panadol siku nne nyumbani Umoja akisema ni homa ya kawaida, mkewe ndiye alinipigia simu.

Mume wangu hajakubali.

Kwanza mwongee. Mimi sipigii mume wa mtu.

Naweza kubeba gitaa?

Beba, jioni zitakuwa nzuri zaidi. Lakini inahesabiwa kwa zile kilo zako 23, begi la kliniki nilishasema lisiguswe.